Namna ya Kudai Gharama za Safari katika Kodi ya Mapato Unapofanya Kazi za Mkataba Ng'ambo ya Ruvuma

Mtu wa Mtwara akipata kazi ya mkataba Msumbiji, hesabu ya kwanza anayoipiga ni ya njia. Anahesabu gari la kumfikisha Kilambo, chombo cha kuvukia Ruvuma, kisha usafiri wa upande wa pili hadi Palma au Mocímboa da Praia. Kama kazi iko Pemba ya Msumbiji au Nampula, au kama mto umemlazimu azunguke kwa Masasi na Mangaka ili avuke Daraja la Umoja pale Mtambaswala, siku zinaongezeka na fedha inaongezeka. Hesabu hiyo huipiga kwa umakini mkubwa, kwa sababu fedha inatoka mfukoni mwake. Akisharudi, huisahau kabisa. Inapofika Juni, mwezi wa mwisho wa kuwasilisha ritani ya kodi ya mapato, yaani taarifa ya mwaka ya mapato na kodi yake, huandika kiasi chote alicholipwa na mteja na kuacha nje kile kilichoishia barabarani, akalipia kodi fedha ambayo hakuwahi kulala nayo.

Nimekuwa nikiwaandalia hesabu mafundi na wakandarasi wadogo wa Mtwara na Lindi kwa miaka mingi: mafundi wa kulehemu, wa umeme, wa mitambo ya kubangulia korosho, wapima ardhi. Kosa hili nimekutana nalo mara nyingi zaidi kuliko kosa la kuficha mapato, na chanzo chake karibu kila mara ni kimoja. Watu wanadhani nafuu ya gharama za safari ni kitu cha kuombwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwisho wa mwaka, kama mtu anavyoomba kusamehewa faini, na kwa kuwa hawajui ombi hilo linaandikwaje, wanaliacha. Nafuu hii haiombwi. Imo ndani ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kwa kila anayeweza kuithibitisha, na uthibitisho wake hutengenezwa siku ile ile ya safari, msafiri akiwa bado na vumbi la njiani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuutengeneza uthibitisho huo, na mahali pa kuuweka katika hesabu zako.

Kwanza ujue unasafiri kama nani

Kabla ya kutunza risiti hata moja, soma mkataba wako ujue kama wewe ni mwajiriwa au ni mtoa huduma unayejitegemea. Sheria inaruhusu kupunguza gharama katika mapato ya biashara na ya uwekezaji, lakini mapato ya ajira hayamo katika ruhusa hiyo. Kwa hiyo mtu aliyeajiriwa na kampuni na kupelekwa Afungi, kwenye mradi wa gesi karibu na Palma, kwa mshahara wa kila mwezi hawezi kuandika nauli yake kwenye ritani akaiondoa katika mshahara, hata kama aliilipa mwenyewe. Njia yake ni kumdai mwajiri amrudishie, kwa kuwa fedha ya nauli au ya kujikimu ambayo ni marejesho tu ya kile alichotumia kwa ajili ya kazi haihesabiwi kuwa sehemu ya mapato yake ya ajira. Kwa mtu aliyeajiriwa kutoka mbali, sheria inakwenda hatua moja zaidi: mwajiri akimlipia nauli halisi ya kwenda au kurudi kutoka kituo cha kazi, yeye, mwenzi wake na watoto wao wasiozidi wanne, malipo hayo hayatozwi kodi iwapo makazi yake yako zaidi ya maili 20 kutoka kituoni na ameajiriwa kwa ajili ya kumtumikia mwajiri huyo tu mahali hapo. Posho ya mkupuo inayolipwa kila mwezi, umesafiri au hukusafiri, haina hifadhi hiyo. Hukatwa kodi pamoja na mshahara.

Mtoa huduma ni yule anayetoa ankara, anayeleta vifaa vyake, anayebeba hasara kazi ikiharibika na aliye huru kuwa na wateja wengine. Jina lililoandikwa juu ya mkataba halitoshi. Mkataba unaoitwa wa huduma, lakini unakutaka uripoti saa moja asubuhi kila siku, unakupa likizo na unakukataza kazi nyingine, unaweza kuhesabiwa kuwa wa ajira, na hapo gharama zote ulizozidai zitarudishwa nje. Maelezo yanayofuata yanamhusu mtoa huduma binafsi. Mwenye kampuni ya dhima yenye ukomo anafuata kipimo kile kile cha gharama, isipokuwa fedha yoyote anayojilipa yeye kama mkurugenzi kupita matumizi halisi ya safari huwa ni mapato yake ya ajira.

Swali la pili ni la ukaazi. Wengi huamini kwamba aliyekaa ng'ambo zaidi ya miezi sita hadaiwi kodi nyumbani. Siku 183 ni kipimo kimoja tu kati ya kadhaa. Mtu mwenye makazi ya kudumu Tanzania, ambaye katika mwaka huo alikuwapo nchini hata kwa sehemu ndogo, ni mkaazi kwa mambo ya kodi, na mkaazi hutozwa kwa mapato yake ya dunia nzima. Fundi mwenye nyumba na familia Chikongola, aliyekaa Pemba miezi tisa na kurudi kwa Idi, bado ni mkaazi wa Tanzania, na malipo ya Pemba ni lazima yaingie kwenye ritani yake. Kwa kuwa mapato hayo yanaingia, gharama za kuyapata nazo zina haki ya kuingia.

Jambo la tatu huwashtua wafanyabiashara wadogo. Ule mfumo wa kutozwa kwa kuangalia mauzo ya mwaka, wa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 100, haupunguzi gharama yoyote. Unatazama mauzo peke yake. Tena ni wa mtu ambaye mapato yake yote ya mwaka yanatokana na biashara yenye chanzo ndani ya nchi. Ukishapata mkataba wa Msumbiji au Comoro umetoka humo, na unapaswa kutengeneza hesabu kamili za mapato na matumizi. Nenda ofisi ya TRA ya mkoa wako ukabadilishe taarifa zako mapema, kazi ya nje inapoanza.

Gharama zipi zinapita

Kipimo cha sheria ni kifupi: gharama iwe imetumika yote, tena kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara peke yake. Mbele ya kipimo hicho limewekwa katazo la matumizi binafsi, yaani fedha ya mtu kujitunza mwenyewe, kutunza familia yake au nyumba yake. Karibu kila ubishi kuhusu gharama za safari huzuka hapa, kwa sababu msafiri habebi mkataba tu anapovuka mto. Anabeba pia tumbo, ndugu na mambo yake ya nyumbani.

Yaliyo mepesi nayapitia haraka. Nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya mkataba, chombo cha kuvukia, ada ya viza au kibali cha kazi kilichotakiwa kwa kazi hiyo, bima ya safari, kusafirisha vifaa na malazi ya siku za kazi hupita bila shida kama uthibitisho upo. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) unayotozwa Msumbiji kwenye chumba au mafuta huwezi kuidai katika ritani yako ya VAT ya Tanzania. Iache ndani ya bei, iwe sehemu ya gharama yenyewe. Vifaa vya kudumu, kama mashine ya kulehemu au gari ulilonunua kwa ajili ya kazi, si gharama ya safari. Vifaa hivyo huingia katika uchakavu, yaani thamani yake hupunguzwa katika hesabu mwaka hadi mwaka, na gari dogo kwa mfano hupunguzwa kwa asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka.

Safari ya kila siku kutoka nyumbani kwako kwenda karakana yako ni jambo lako binafsi, hata kama bajaji inakula fedha nyingi kwa mwezi. Safari ya kutoka karakana kwenda eneo la mkataba ng'ambo ni ya biashara. Jihadhari tu na mkataba mrefu. Ukipanga nyumba Pemba, ukahamishia familia huko na kufungua karakana, Pemba imekwisha kuwa kituo chako, na nauli ya kutoka chumbani kwenda eneo la kazi inakuwa kama ile ya bajaji ya Mtwara.

Chakula ndicho kigumu. Mtu hula akiwa kazini na hula akiwa kwake, na mkaguzi akisema kwamba kula ni kujitunza mwenyewe, ana maneno ya sheria upande wake. Ushauri wangu ni kudai chakula cha siku ulizolala nje ya Mtwara kwa ajili ya kazi tu, kwa kiasi cha kawaida, chenye risiti, na kukiandika katika mstari wake mwenyewe badala ya kukichanganya na malazi, ili kikikataliwa kisiburute malazi pamoja nacho. Nimeona madai ya malazi yaliyokuwa safi kabisa yakirudishwa yote kwa sababu yaliandikwa kwa jumla moja na chakula, vinywaji na vocha za simu za familia.

Watu wa kusini tuna ndugu pande zote mbili za Ruvuma, na hili huleta safari zenye sababu mbili. Fundi anakwenda Mueda kufunga jenereta kwa siku tisa, kisha anabaki siku nne kwa harusi ya binamu yake. Kama safari ilipangwa kwa ajili ya kazi na harusi ikamkuta huko, nauli ni ya kazi na siku nne ni zake mwenyewe, malazi na chakula vikiwemo. Kama harusi ndiyo iliyomtoa nyumbani na jenereta akaipata akiwa huko, sitamwandikia nauli hiyo, kwa sababu haikutumika kwa ajili ya mapato peke yake. Tarehe za mkataba, za tiketi na za mihuri ya pasipoti ndizo zitakazosema ipi ilitangulia, kwa hiyo usijaribu kuzipinda. Vivyo hivyo, ukifikia kwa shangazi badala ya nyumba ya wageni, ile sukari, mchele na doti ya kanga unayompelekea ni heshima ya nyumbani. Ni jambo jema na la lazima kwetu, lakini si gharama ya malazi.

Pasipoti yenyewe hudumu miaka 10 na hukupeleka pia Hija, matibabuni na kwa ndugu, sipendekezi kuidai. Faini ya kupitiliza siku za kukaa nchini, au ya kukutwa bila kibali, imekatazwa waziwazi, kwa kuwa adhabu ya kuvunja sheria haipunguzwi katika mapato. Fedha iliyotolewa njiani ili gari lisipekuliwe nayo haipunguzwi kwa jina lolote, liwe la chai au la ushuru mdogo, na aliyeitoa ana hatari kubwa zaidi ya kodi.

Kuna gharama moja ambayo watu huiacha kwa kudhani imepotea: ya safari iliyovunjika. Machi 2021 mji wa Palma uliposhambuliwa, na mwezi uliofuata mradi wa gesi wa Afungi ukasimamishwa, mtu aliyekuwa amekwisha kulipia tiketi, malazi na kusafirisha vifaa alikuwa ametumia fedha hiyo kwa kuzalisha mapato, ingawa mapato hayakuja. Sheria inatazama kusudi la matumizi. Katika hali kama hiyo tunza mkataba au barua ya kuitwa kazini, tunza na barua au ujumbe wa kusimamishwa, na uoneshe kwamba ulidai kurudishiwa ukarudishiwa kiasi gani. Kilichorudi usikidai, kilichobaki ni gharama yako.

Hali hiyo hiyo inahusu mteja anayerudisha nauli. Kama marejesho hayo hukuyaandika kuwa mapato, usiiandike nauli kuwa gharama. Ama viingie vyote viwili, ama vitoke vyote viwili.

Uthibitisho wa kila safari

Nunua daftari gumu la mistari, si la kurasa za kuchanika, na ulifanye daftari la safari. Kwa kila siku ya safari andika tarehe, ulikotoka na ulikofika, sababu, namba ya mkataba au ankara, kiasi kwa fedha iliyotumika, na namba ya risiti au vocha. Sababu ndiyo safu inayoachwa wazi na ndiyo inayookoa. Neno "kazi" halitoshi. Andika hivi: "12 Agosti, Mtwara hadi Kilambo kwa gari la kukodi, kisha boti kuvuka, kwenda kuanza ukarabati wa tangi la maji, mkataba namba 3. Gari shilingi 60,000, risiti namba 21. Boti shilingi 10,000, hakuna risiti, vocha namba 14." Andika usiku huo huo kabla ya kulala. Daftari lililoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja wiki ya mwisho ya Juni hujulikana kwa kutazamwa tu.

Vocha ni karatasi unayoandika mwenyewe pale ambapo muuzaji hana risiti, na njia yetu ina wauzaji wengi wa namna hiyo: mwenye mtumbwi, mpagazi, kijana wa pikipiki upande wa pili, utingo wa chapa, kama daladala zinavyoitwa Msumbiji. Iwe na tarehe, jina la aliyelipwa, namba yake ya simu, huduma, kiasi na sahihi yake, au dole gumba kama haandiki. Ukilipa kwa simu, ule ujumbe wa muamala ni bora kuliko vocha. Upige picha ya skrini na kuuchapa. Vocha zinafaa kwa fedha ndogo ndogo. Chumba cha wiki mbili au gari la kukodi la siku kumi kwa vocha ya mkono havitaaminika, wala havistahili kuaminika, na ni bora kutafuta nyumba ya wageni inayotoa risiti hata kama ni ghali kidogo.

Kwa matumizi yote ya upande wa Tanzania dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, yenye jina lako na TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi. Sheria inamtaka mnunuzi aidai, na risiti ya mafuta isiyo na jina inaweza kuwa ya mtu yeyote. Upande wa Msumbiji omba fatura pamoja na recibo, kwa maana ya kwanza ni ankara na ya pili ni stakabadhi ya malipo, na uhakikishe jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti.

Karatasi hizo zitakuwa kwa Kireno. Kamishna Mkuu wa TRA ana mamlaka ya kukutaka utafsiri kwa gharama zako waraka usio katika lugha rasmi ya Tanzania. Usisubiri utakiwe. Nyuma ya kila nakala andika kwa Kiswahili ni malipo ya nini, ya siku ngapi na kwa nani. Ukikaguliwa, tafsiri rasmi utaifanya kwa zile kubwa tu. Mkataba wenyewe ninapendelea utafsiriwe mapema, kwa kuwa ndio unaobeba madai mengine yote.

Nina sababu yangu ya kusisitiza nakala. Mwaka mmoja nilikwenda Pemba kumfungia hesabu mteja aliyekuwa na kazi huko, nikalala usiku 11 katika nyumba moja ya wageni. Stakabadhi niliyopewa ilikuwa ya ile karatasi laini ya mashine. Ilisafiri kwenye mfuko wa shati, kisha ikakaa ndani ya bahasha kando ya dirisha la ofisi, mahali ambapo jua la Mtwara huingia asubuhi yote. Mei ya mwaka uliofuata niliifungua bahasha nikakuta karatasi nyeupe, imebaki kivuli cha kijivu mahali palipokuwa na jumla. Niliwapigia simu wenye nyumba, wakaniambia hawana nakala ya mwaka uliopita. Gharama ya siku 11 ilibaki nje ya hesabu zangu, na iliniuma kwa sababu ilikuwa ya kweli kabisa. Tangu siku hiyo stakabadhi ya mashine naipiga picha pale pale kaunta, naitolea nakala kivuli nikifika penye mashine, na ya asili naihifadhi mbali na joto. Kumbukumbu zote zinatakiwa kutunzwa kwa miaka mitano chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015; karatasi laini haifiki hata mwaka mmoja.

Kugeuza metikali kuwa shilingi

Metikali ni fedha ya Msumbiji, lakini ritani huandikwa kwa shilingi. Kila kiasi cha fedha ya kigeni hugeuzwa kwa kiwango cha siku kilipoingia katika hesabu. Kiwango cha siku unayojaza ritani hakitumiki. Kama ulilipa malazi metikali 3,600 na siku hiyo metikali moja ilikuwa sawa na shilingi 40, andika shilingi 144,000, na uweke pembeni chapa ya viwango vya Benki Kuu vya tarehe hiyo. Kiwango ulichopewa na wabadilishaji wa mkononi pale mpakani huwezi kukithibitisha, kwa hiyo kiache.

Kodi iliyokwisha kukatwa huko

Wateja wa nje mara nyingi hukata kodi ya zuio kabla ya kukulipa. Tanzania ina mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili na Denmark, Norway, Sweden, Finland, Italia, India, Kanada, Afrika Kusini na Zambia, Msumbiji haimo. Hata hivyo sheria yetu yenyewe inampa mkaazi haki ya kupunguziwa kodi ya hapa kwa kiasi cha kodi ya mapato aliyolipa nje, bila kuzidi kodi ambayo Tanzania ingetoza kwa wastani juu ya mapato halisi ya nje. Hapo ndipo gharama za safari zinapokutana na kodi hiyo, na ni hapo wahasibu wengi hutoa ahadi isiyotimia.

Chukua fundi aliyelipwa kwa mkataba wa nje shilingi 30,000,000, na tuseme mteja alikata asilimia 20, yaani 6,000,000. Safari zilimgharimu 7,500,000 na gharama nyingine za kazi 4,500,000, hivyo mapato halisi ya nje ni 18,000,000. Karakana yake ya Mtwara ilimpa faida ya 10,000,000. Jumla ni 28,000,000. Kwa viwango vya mkaazi vilivyoanza Julai 2021, shilingi 12,000,000 za kwanza kwa mwaka zinabeba kodi ya 1,536,000, na kinachozidi hutozwa asilimia 30. Kodi yake yote ni 6,336,000. Sehemu ya kodi hiyo inayoangukia mapato ya nje ni 18 kwa 28, sawa na 4,073,143, na huo ndio ukomo wa nafuu yake. Atalipa TRA 2,262,857.

Asingeziandika zile gharama za safari, jumla ingekuwa 35,500,000 na kodi 8,586,000. Ukomo wa nafuu ungepanda na kuimeza kodi yote ya nje ya 6,000,000, akalipa 2,586,000. Tofauti ni shilingi 323,143. Kama mteja asingekata chochote, gharama zile zile zingemwokolea 2,250,000. Sababu ni kwamba kodi ya nje ilikatwa juu ya malipo ghafi, pamoja na nauli ndani yake, na TRA hairudishi fedha iliyochukuliwa na serikali nyingine.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya nafuu hupatikana kabla ya kusaini mkataba. Mwombe mteja akate tiketi na kulipia chumba yeye mwenyewe, na bei ya kazi ishuke kwa kiasi hicho. Kiasi kinachokatwa kodi huko nacho kitashuka. Akikataa, mtake kwa maandishi akupe hati rasmi ya kodi aliyoikata, yenye jina lako, kiasi na tarehe. Ankara inayoonesha tu kwamba amekata haithibitishi kwamba amepeleka.

Mapato ya nje na gharama zake yaandikwe katika kurasa zake, mbali na ya karakana. Mkataba wa nje ukileta hasara, hasara hiyo hupunguzwa katika mapato ya nje tu na haiwezi kushusha kodi ya karakana ya Mtwara, kwa hiyo mkaguzi atataka kuona mpaka kati ya hesabu hizo mbili.

Tarehe, na gharama zikikataliwa

Makadirio ya mapato ya mwaka hupelekwa kufikia 31 Machi, na kodi yake hulipwa kwa awamu nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Mkataba wa nje ukiongezeka au ukivunjika katikati ya mwaka, rekebisha makadirio mapema. Ritani ya mwisho hupelekwa kwa njia ya mtandao kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata. Humo mapato ya nje huandikwa ghafi, kabla ya kodi iliyokatwa. Gharama za safari huingia katika mstari wake kwenye hesabu ya mapato na matumizi. Na kodi ya nje hudaiwa mahali pake kama nafuu, ikiambatana na hati zake. Kuandika kile tu kilichoingia benki ni kosa linaloharibu hesabu zote tatu kwa pamoja.

TRA wakizikataa gharama na kukutumia tathmini mpya, una siku 30 tangu kuipokea za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, na unatakiwa kulipa theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa au kiasi usichokibishia, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Usiandike pingamizi la jumla kwamba "gharama zilikuwa halali". Taja safari moja moja kwa tarehe, na kwa kila moja ambatisha kwa mpangilio huu: ukurasa wa daftari, mkataba, mhuri wa pasipoti, risiti au vocha, kisha ankara iliyolipwa kwa kazi iliyofanywa siku hizo. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mlipakodi, na unabaki kuwa wake hata shauri likifika Bodi ya Rufani za Kodi. Safari ambayo huwezi kuikamilishia mnyororo huo iondoe mwenyewe kwenye pingamizi kabla ya kulipeleka, ili afisa anayelisoma asianze na iliyo dhaifu.